Gari la Marehemu Linanuka

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujanisoma, usijali, nakupitisha mbio mbio.

Mimi ndiye yule fundi cherehani. Nyumbani wananiita Kitinda kwa sababu ni mtoto wa mwisho, na wataniita hivyo hata nikiwa bibi kizee. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa udereva. Alituachia gari lake la kufundishia, kuukuu, lenye breki mbili: moja ya dereva, nyingine upande wa abiria, ya mwalimu anayeona kifo kinakuja.

Gari lilikaa bandani miaka limekufa. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mpole tunayemwita Taratibu. Akang'oa kabureta ya zamani, akalifungia mfumo wa kisasa unaopuliza mafuta kwenye injini, na pampu ya umeme akaitumbukiza ndani ya tangi. Gari likafufuka. Nikaanza kuwapelekea wateja sare za shule nikiwa nimekaa mbele kama bibi harusi.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa shika kiti.

Gari likaanza kunuka petroli.

Si kunuka kwa kubahatisha, hapana. Mwalimu mkuu mmoja alinirudishia sare zote, akaniuliza kwa adabu kabisa kama siku hizi nazifua kwa petroli. Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimempakia Mama kwa mara ya kwanza tangu gari lifufuke. Nilimpeleka kupima macho. Njia nzima alikuwa ameshika kitambaa usoni, hasemi neno. Mimi nami sikuuliza. Nani anataka kumuuliza mama yake mzazi kama gari lake linanuka?

Jioni Kaka Mkubwa akanipigia simu.

"Kitinda, Mama amenipigia."

"Anasemaje?"

"Anasema gari linanuka."

Nikaacha kushona.

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake na meno niliyompeleka kuwekewa mimi mwenyewe. Kitinda, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini Mama hawezi kuvuta petroli uzeeni. Kuna bwana mmoja anakusanya magari ya zamani, analitaka hata leo."

"Kaka, hilo gari ndilo miguu yangu! Na ni la Baba!"

"Basi tufanye hivi. Jumapili mlete Mama kwangu na gari hilo hilo. Huyo bwana atakuwepo. Mama akishuka, nitamuuliza mbele yake. Akisema linanuka, linaondoka. Akisema halinuki, sitafungua mdomo tena."

Unamjua Kaka Mkubwa. Akishakata kauli hata yeye mwenyewe hawezi kuiunga.

Nikakimbilia kwa Taratibu. Alikuwa chini ya gari la watu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaongea na miguu.

"Fundi, umeniua!"

"Taratibu, Dada. Nani kafa?"

"Gari linanuka!"

Akatoka polepole, akajifuta mikono, akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mwenye homa.

"Dada, si nilikwambia? Zamani mafuta yalikuwa yanakwenda kwenye injini, basi. Sasa pampu inayasukuma, injini inachukua yake, yanayobaki yanarudi kwenye tangi yakiwa ya moto. Yakiwa ya moto yanatoa mvuke. Mvuke lazima upate njia. Ndiyo maana niliweka ule mpira mwembamba juu ya tangi, unatokea nyuma ya gurudumu."

"Na harufu inaingia kwangu!"

"Inapenya kwenye raba za buti, zimechoka. Dawa yake ni kopo la mkaa. Mvuke unaingia mle, mkaa unaunywa, halafu injini inauvuta na kuuchoma. Hutasikia harufu tena. Kopo nimeagiza."

"Litafika lini?"

"Wiki ijayo."

"Jumapili ni keshokutwa!"

"Basi Jumapili fungua madirisha." Kisha akanyoosha kidole chenye grisi. "Na Dada, nakujua. Usije ukauziba ule mpira. Tangi lazima lipumue. Kingine, asije mtu na moto karibu yake. Watu wanaogopa petroli, lakini kinachowaka kwanza ni ule mvuke."

"Fundi, mimi ni mtu mzima."

"Ndicho kinachonitisha," akasema, akarudi chini ya gari.

Msomaji wangu, hapa naomba usinitukane. Asubuhi ya Jumapili nilisimama nyuma ya gari, nikainama, nikaunusa ule mpira. Harufu ikanipanda mpaka kichwani. Nikamkumbuka Baba. Tangi lilipokuwa likivuja, Baba hakuwa akienda kwa fundi. Alikuwa akikata kipande cha sabuni ya kufulia, anakisugua pale panapovuja, na gari linafundisha watu mwaka mzima.

Nikasema, sabuni iliyomsaidia Baba haitanikataa mimi.

Nikaingia bafuni, nikakata kipande, nikakikanda kikalainika, nikakishindilia kwenye mdomo wa mpira mpaka kikakaa kama kizibo cha chupa. Nikanusa. Kimya! Hata panya angepita asijue kuna petroli.

Mama akatoka na kikapu chake na mkoba wa safari utafikiri anahamia kwa Kaka moja kwa moja. Akaketi upande wa abiria, kwenye kiti cha mwalimu. Kabla sijawasha gari, akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye kitambaa.

"Yananibana," akasema. "Nitayavaa tukikaribia kwa kaka yako. Akiniona bila meno ananuna kama mtoto."

Hayo meno nayo yana kisa chake. Mama akiyavaa, hayamwachi amalize neno. Anasema "Nipe kikap", kisha yanagongana, tak! Na akizungumza na Kaka kwa simu huyavaa haraka haraka, kana kwamba Kaka anamwona. Sisi tumezoea. Mama akianza, wewe malizia.

Tukaondoka. Barabara nyeupe, gari linakwenda kama maji. Mama akavuta pumzi kwa pua, akaangalia huku na huku, akavuta tena.

Kimoyomoyo nikajipongeza. Nusa, Mama, nusa mpaka uchoke.

Hatukufika mbali. Gari likaanza kusitasita. Pampu ikalia huko nyuma kama mbu aliyekosa mtu. Gari likakohoa, likazimika.

Mama akakanyaga breki ya mwalimu.

"Mama, limezimika lenyewe!"

"Mimi nakusaidia kusimama."

Nikajaribu kuwasha, wapi! Nikashuka, nikafungua boneti, nikaangalia injini kama ninayeijua. Mwisho nikajikaza kisabuni, maana siku hiyo sabuni haikuwa neno geni kwangu, nikampigia Taratibu.

"Fundi, gari limezima tu lenyewe."

"Lenyewe? Hebu fungua kifuniko cha tangi, niwekee simu karibu."

Nikakizungusha. Tangi likavuta hewa kwa kishindo: fyoooo!

"Hilo limebanwa pumzi," Taratibu akasema. "Pampu inanyonya mafuta, hewa ya kujaza nafasi haiingii. Mpira umezibwa."

"Nani auzibe?"

"Nakuuliza wewe."

"Labda tope."

"Dada."

"Ndiyo, Fundi."

"Umetumia nini?"

Nikaangalia angani. "Sabuni."

Sauti yake ikafifia. Nikajua anacheka huku amefunika simu.

"Itoe," akasema hatimaye. "Taratibu."

Nikapiga magoti nyuma ya gurudumu na gauni langu la Jumapili. Nikachokonoa kwa kibanio cha nywele. Sabuni ikatii, lakini ikaelekea upande wake. Iliingia ndani. Nilivyozidi kuivuta ndivyo ilivyozidi kuhamia kusikoonekana. Nikakata tamaa, nikafunga kifuniko, nikawasha gari. Likawaka!

"Lilikuwa na nini?" Mama akauliza.

"Lilikuwa linapumzika."

Nikaomba lipumzike tukishafika. Halikunisikiliza. Tulipopanda kilima cha kwanza likasitasita tena, likazima. Nikashuka, nikafungua kifuniko. Fyoooo!

Safari hii Mama alikuwa ameteremsha kioo. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na aliyelala.

"Hivyo hivyo. Akirudi kazini, akishavua viatu."

"Nani, Mama?"

"Baba yako. Alikuwa akishusha pumzi hivyo hivyo. Wanafunzi walikuwa wakimchosha."

Nikacheka. Mama hakucheka. Akafungua mlango, akashuka, akaja nyuma nilipokuwa nimesimama na kifuniko mkononi. Akainama pale kwenye tundu la tangi, akanusa. Nikashtuka.

"Mama, toka hapo, utapata kizunguzungu!"

"Kumbe bado yumo," akasema.

"Nani yumo?"

"Kitinda, mwanangu, nikuambie kitu. Usimwambie kaka yako, atasema nimezeeka. Gari la baba yako siku zile likipita mtaani, mimi nilikuwa nikijua kabla sijalisikia. Shati lake, mikono yake, mto wake wa kulalia, vyote petroli. Alipofariki nililaza kichwa kwenye ule mto mpaka harufu ikaisha. Siku ile uliyonipeleka kupima macho nilipanda tu, ikanipiga. Nikasema, huyu hapa. Nikashika kitambaa nisije nikakuliza na wewe unaendesha."

Nikamgeukia.

"Kwa hiyo ulikuwa unalia?"

"Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unaziba pua!"

"Kwa nini nizibe pua? Si jioni nilimwambia kaka yako kwenye simu? Nikamwambia, gari la baba yenu linanukia."

Linanukia!

Msomaji, soma tena polepole. Mama bila meno alilisema lote, na mkia wake. Linanukia, kama maua, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kwenye simu alikuwa na meno. Alisema "linanuk", tak! Na Kaka Mkubwa, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake, akalimalizia mwenyewe.

Nikataka kucheka, nikataka kumkumbatia Mama, nikataka kumpigia Kaka nimwimbie wimbo. Lakini Mama alikuwa bado hajamaliza.

"Ila leo halinukii," akasema, na uso ukamwanguka. "Nimenusa tangu nyumbani. Umelifanya nini?"

"Mimi?"

"Mmelisafisha sana. Limekuwa gari la watu." Akarudi kwenye kiti chake, akafunga mkanda. "Basi na liuzwe. Huyo bwana kaka yako aliyenitajia, akilitaka alichukue. Mimi sina haja ya bati."

Jamani! Usiku kucha nimekesha nikiwaza jinsi ya kuua harufu. Sasa harufu imekufa, na ndiyo inayolizika gari. Wale wanaosema imekula kwangu, wala sibishani nao.

Nikasimama pale barabarani na kifuniko mkononi. Mpira una sabuni tumboni. Nikikifunga hiki kifuniko, gari litazima tena, na hata likifika litafika halina harufu. Nikiacha wazi, litapumua, litakwenda, na litanukia.

Taratibu alikuwa amesema neno kuhusu mvuke. Nikalisikia kabisa kichwani, kwa sauti yake. Nikaliambia lisubiri kidogo.

Nikachana kipande cha kitambaa cha bitana nilichokuwa nacho kwenye mkoba, nikakishikiza juu juu kwenye tundu la tangi mafuta yasiruke. Kifuniko nikakitumbukiza kwenye mkoba wangu kati ya sindano na futi ya kupimia.

Tukaondoka. Gari halikusita tena hata kidogo. Haukupita muda, Mama akainua pua, kisha akainua kitambaa. Safari hii nilijua anachofuta.

"Huyu hapa," akasema.

Nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu Baba atutoke, na chini ya raha hiyo nikasikia hofu. Nikaendesha kama niliyebeba mayai.

Tulipokata kona ya kwa Kaka, Mama akafungua kitambaa na kuyavaa meno yake.

"Mama, usiyavae!"

"Kaka yako atanuna."

"Mwache anune leo tu!"

"Tak," yakajibu meno.

Uani kwa Kaka kulikuwa na viti viwili kivulini. Kimoja alikalia Kaka, shati limepigwa pasi mpaka linasimama. Kingine alikalia yule bwana, kiatu kinang'aa, tayari amevaa uso wa mwenye gari. Nikasimamisha. Mama akasaidia na breki yake.

Kaka akaja kumfungulia mlango. Pua yake ikacheza.

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahab," tak!

"Mama, sikukawizi. Huyu bwana ametoka mbali. Tuambie ukweli mbele yake. Hili gari linanuka, halinuki?"

Nikamwangalia Mama. Mama akaliangalia gari, macho yamejaa, uso umetulia, akatamka kwa moyo wake wote:

"Linanuk..." Tak!

Kaka akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe!"

"Hajamaliza!" nikapiga kelele. "Kaka, neno halijaisha!"

"Limeisha, Kitinda. Na mimi mwenyewe nina pua."

"Mama, mwambie tena!"

Lakini Kaka alikuwa amekwisha kumshika Mama mkono akimpeleka kivulini, huku akimwambia pole kwa safari. Yule bwana akainuka akitabasamu. Akalizunguka gari lake jipya, akagonga bati kwa kidole, akafika nyuma. Akaegemea buti, ubavuni kabisa mwa tundu la tangi. Akatia mkono mfukoni, akatoa sigara, akaiweka mdomoni.

Kisha akatoa kiberiti.

Kinachowaka kwanza ni ule mvuke.

"Usiwasheee!"

Sikujua kama nina mbio zile. Nilimrukia bwana wa watu, kiberiti kikaruka upande wake, sigara upande wake, na sisi wawili tukaangukia kwenye maua ya mke wa Kaka. Njiti hata moja haikuwa imewaka. Nikazihesabu pumzi zangu pale pale chini.

"Kitinda!" Kaka akaja mbio. "Una wazimu?"

Nikainuka. Sikuwa na uongo wowote uliobaki. Nikafungua mkoba, nikakitoa kifuniko cha tangi, harufu yake imeingia mpaka kwenye futi yangu ya kupimia. Kaka akakiangalia, akaliangalia tangi na kile kitambaa kinachoning'inia. Uso wake ukabadilika, na wala haikuwa hasira. Ilikuwa hofu.

"Umemleta mama yangu njia nzima tangi likiwa wazi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na maneno mengi, ya sabuni, ya mpira, ya herufi moja tu iliyopotea. Hakuna hata moja lililostahili kusemwa. Ningeweza kumchoma Mama kwa ajili ya gari, na ukweli huo ulikuwa umesimama nami pale uani.

"Kwa hiyo hata hiyo harufu umeitengeneza," Kaka akasema taratibu. "Ili iweje?"

Mama alikuwa ametoka kivulini. Alikuja pole pole, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Nip..." Tak!

Nikampa kifuniko. Akakinusa. Akafumba macho, akakaa hivyo mpaka yule bwana aliyejaa majani akaona aibu akaangalia pembeni. Alipofumbua macho aliniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikashindwa kuusoma uso wa mama yangu.

Akatia vidole mdomoni. Mbele ya Kaka Mkubwa, mbele ya mgeni, akayatoa meno yote, ya juu na ya chini, akayafunga kwenye kitambaa na kumkabidhi Kaka ashike.

"Haya," akamwambia Kaka, macho yake yakiwa bado kwangu. "Niulize tena."